Mshahara wa Askari wa Himaya Ulitoka Mfuko wa Nani?

"Nafundisha Historia kidato cha tano na sita. Tulipofika kwenye uchumi wa kikoloni darasa likagawanyika. Kundi moja linasema Uingereza ndiyo iliyogharamia majeshi ya makoloni, na ushahidi wao ni kwamba Vita Kuu ya Pili ilipoisha India ilikuwa inaidai London zaidi ya pauni bilioni 1. Kundi la pili linasema kila koloni lilijilipia, tena kwa kodi ya maskini. Mwanafunzi mmoja ana kitabu cha malipo cha babu yake mkubwa aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, kule Burma, na anauliza kama familia inadai chochote. Naomba hesabu, si maneno matupu: nani alilipa nini, na nitawaonyeshaje kwenye bajeti za wakati ule?"

Mwalimu, makundi yote mawili yana ushahidi, ila kila moja linasoma ukurasa wake. Swali la nani alilipa halijibiki mpaka uulize kwanza: alilipa bili ipi? Askari mmoja wa himaya alibeba bili tatu kichwani. Ya kwanza ni mshahara, chakula na sare akiwa kambini kwake. Ya pili ni nyongeza inayozuka akivuka mpaka kwenda vitani: meli, posho, wanyama wa mizigo, dawa, risasi. Ya tatu watu huisahau: gharama ya kumwandikisha na kumfunza kabla hajaanza kazi, na pensheni yake akishaacha. Kwa karibu miaka 100 London na makoloni yake walivutana juu ya mahali bili moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Nitakaa zaidi India, kwa sababu huko mvutano uliandikwa kwa kina, kuanzia sheria hadi senti. Kisha tutarudi kwa Keya wetu.

Bili ya kwanza haikuwa na mjadala mrefu: India ililipa. Baada ya maasi ya 1857, Malkia wa Uingereza alipochukua utawala kutoka kwa Kampuni ya India Mashariki mwaka 1858, ikaamuliwa kuwe na askari Mwingereza mmoja kwa kila Wahindi wawili hivi, ili maasi yasijirudie. Mwingereza aligharimu mara kadhaa ya Mhindi, na wote wawili walilipwa kutoka hazina ya India. Hapo kundi lako la pili lina hoja nzito: mkulima wa Punjab au Madras alilipa kodi ya kumweka mlinzi aliyeletwa kumlinda yeye asiinue kichwa.

Bili ya tatu ndiyo yenye hesabu tamu ya darasani. Kila askari Mwingereza aliyepelekwa India alikuwa ameandikishwa na kufunzwa Uingereza, na Ofisi ya Vita ya London ikaidai India ada kwa kila kichwa. Katika miaka ya 1860 ada ilikuwa pauni 10. Mwaka 1890 ilishushwa hadi pauni 7 na shilingi 10, na mwaka 1908 ikapandishwa hadi pauni 11 na shilingi 8. Waambie wanafunzi wachukue askari 75,000 kwa namba ya mviringo. Wakumbuke kwamba pauni ya wakati ule ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo pauni 11 na shilingi 8 ni 11.4, si 11.8. Nusu ya darasa itakosea hapo. Jibu ni pauni 855,000 kwa mwaka, na fedha hizo zinaondoka India kabla askari hata mmoja hajala sahani ya chakula nchini.

India ilipingaje? Ilisema hivi: kijana huyu akimaliza miaka yake kwetu anarudi kwenu, anaingia katika akiba ya jeshi lenu akiwa ameiva, tena ameiva kwa vita vya mpakani kwetu. Kwa nini nilipie peke yangu mafunzo ya mtu mtakayemtumia nyinyi? London ikajibu kwamba bila ada hiyo India ingelazimika kuandikisha na kufunza yenyewe kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1932 suala likapelekwa mbele ya baraza la wasuluhishi chini ya Sir Robert Garran wa Australia, pamoja na majaji wawili wa Uingereza na majaji wawili Wahindi, Shadi Lal na Muhammad Sulaiman. Ada ya kichwa haikufutwa, lakini kuanzia 1933 Uingereza ikawa inaichangia India pauni milioni 1.5 kwa mwaka, kwa sababu mbili zilizotajwa wazi: India ilikuwa uwanja wa mafunzo ya kivita kwa jeshi la Uingereza, na jeshi lililokaa India lilikuwa tayari kutumwa mara moja kwingineko. London ilikuwa imepokea huduma hizo mbili kwa miongo mingi bila kuzitaja kwenye risiti.

Bili ya pili ndiyo iliyowagombanisha watu bungeni. Sheria ya Serikali ya India ya 1858, kifungu cha 55, ilisema mapato ya India yasitumike kwa vita nje ya mipaka yake bila ridhaa ya Mabunge yote mawili ya Uingereza, isipokuwa kuzuia uvamizi au dharura ya ghafla. Wanafunzi wakikisoma watasema, basi India ililindwa. Hapo wasimamishe. Ridhaa ilikuwa ya bunge la London, na India haikuwa na mbunge wa kuiwakilisha humo. Mlango ulikuwa na kufuli, ila ufunguo alikuwa nao mgeni.

Mfano wa kwanza mkubwa ni Uhabeshi, yaani Ethiopia, 1867 hadi 1868. Jenerali Napier alitoka Bombay na jeshi, tembo 44 wakiwemo, akashukia pwani ya Bahari ya Shamu na kupanda hadi ngome ya Magdala. Mgawanyo ulikuwa hivi: India iendelee kulipa mishahara ya kawaida ya askari wake, na Uingereza ilipe gharama zote za ziada. Inasikika kama haki. Ifanyie hesabu ya kubuni ubaoni. Kikosi cha askari 800, kila mmoja akigharimu rupia 20 kwa mwezi nyumbani na rupia 35 akiwa vitani. India inalipa 20, yaani rupia 16,000 kwa mwezi. London inalipa tofauti ya 15, yaani rupia 12,000. Askari wote 800 wanapigania jambo la London, lakini sehemu kubwa ya gharama yao imebaki India.

Hoja ya London ilikuwa kwamba India ingelipa 20 hizo hata kama askari wangebaki kambini, kwa hiyo haijapoteza kitu. Waulize wanafunzi jibu la hoja hiyo kabla hujawapa. Jibu lina ncha mbili. Kama kikosi kinaweza kuondoka mwaka mzima na India ikabaki salama, basi hakikuhitajika, na mlipakodi amekuwa akikilipia bure. Kama kilihitajika, basi India imeachwa bila ulinzi ilioulipia. Upande wowote utakaoshika, India ina dai. Hata Lord Cranborne, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu kwa jina la Salisbury, alisema katika mjadala huo wa 1867 kwamba hapendi India itazamwe kama kambi ya Waingereza katika bahari za mashariki, ya kuchotwa askari bila kulipa.

Haikusaidia sana. Vita vya Afghanistan vya 1878 hadi 1880 viligharimu takriban pauni milioni 23, na Uingereza ikatoa milioni 5. Mwaka 1896 askari Wahindi walipelekwa Suakin, Sudan, na mishahara ya kawaida ikabaki tena kwa India. Kelele za Dadabhai Naoroji, mwanasiasa Mhindi aliyepinga mizigo hii, na wenzake zilichangia kuundwa kwa tume ya kifalme iliyoongozwa na Lord Welby kuanzia 1895, naye Naoroji akakaa humo kama mjumbe. Ripoti ya mwisho ya 1900 iliipa India nafuu ndogo tu: pauni 130,000 kwa mwaka kwa usafiri wa askari baharini, na nusu ya gharama za kijeshi za Aden. Naoroji na wajumbe wenzake Wedderburn na Caine waliandika maoni yao tofauti. Kwangu mimi maoni hayo ya wachache yana mantiki nzuri kuliko ripoti yenyewe.

Kuna sehemu ya hesabu hii iliyopita mlangoni kwetu. Novemba 1914 askari wapatao 8,000 wa jeshi lililotoka India walishushwa Tanga, wakashindwa na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, ndani ya siku chache. Kwa azimio la bunge la Septemba mwaka huo, mishahara yao ya kawaida ilitoka hazina ya India na nyongeza ikatoka London, kanuni ile ile ya Uhabeshi. Na mwaka 1917 India ikatoa tena "zawadi" ya pauni milioni 100 kwa vita, kiasi kilichozidi mapato yake ya mwaka mzima. Neno zawadi liweke ndani ya alama za kunukuu ubaoni, wanafunzi wataelewa.

Sasa tufike kwenye ushahidi wa kundi la kwanza. Novemba 1939 London na serikali ya India kule Delhi walifikia makubaliano mapya. India ingelipa vitu vinne tu: gharama ya kawaida ya jeshi wakati wa amani, iliyowekwa rupia milioni 367.7 kwa mwaka. Nyongeza ya kupanda kwa bei juu ya kiasi hicho. Hatua za vita zinazoihusu India yenyewe. Na mkupuo wa rupia milioni 10 kwa askari waliokuwa nje kwa ulinzi wake. Mengine yote, Uingereza. Kwa kiwango cha shilingi 1 na peni 6 kwa rupia, zile milioni 367.7 ni takriban pauni milioni 27.6, na mkupuo ni pauni 750,000.

Hakuna aliyetarajia vita vitakuwa vikubwa hivyo. Jeshi la India lilifika watu milioni 2.5, likapigana Afrika ya Kaskazini, Italia na Burma, na viwanda vya India vikashona sare na kutengeneza vifaa kwa majeshi ya mashariki yote. Mwisho wa vita, jumla ya gharama za kijeshi zilizopita kwenye vitabu vya India ziligawanyika takriban nusu kwa nusu kati ya nchi hizo mbili. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alikasirishwa sana na deni lililokuwa likipanda, akataka madai ya kulipunguza yawekwe, lakini makubaliano hayakuvunjwa wakati wa vita. Kwa mara ya kwanza kalamu iliipendelea India.

Kwenye karatasi, lakini. Wanafunzi wako wa kundi la kwanza wanahitaji kuona fedha zilivyotembea, hatua kwa hatua. Jeshi la Uingereza linahitaji mablanketi. Serikali ya India inamlipa mwenye kiwanda wa Kanpur kwa rupia, leo hii. London haileti rupia wala dhahabu. Inaandika pauni kwenye akaunti ya Benki Kuu ya India iliyoko London, na pauni hizo zinawekwa kwenye hati za hazina za Uingereza. Benki Kuu, ikiwa na hati hizo kama dhamana, inachapa noti mpya za rupia ili kulipia mablanketi. Blanketi limekwenda Misri, noti zimebaki sokoni Kanpur, na bidhaa za kununua hazijaongezeka. Noti zilizokuwa mikononi mwa watu ziliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1939 na 1945. Bei zikaruka. Aliyekuwa na mshahara mdogo au asiye na shamba ndiye aliyelipa vita, kupitia bei ya mchele. Njaa ya Bengal ya 1943, iliyoua watu kati ya milioni 2 na 3 kwa makadirio ya kawaida, ilikuwa na sababu kadhaa, na mfumuko huo wa bei ni mmoja wa zile kubwa.

Kwa hiyo salio la pauni bilioni 1.3 lililosimama mwisho wa vita lilikuwa hati ya deni, si kitita cha fedha. Ni sawa na bili ya kawaida ya jeshi, ile ya milioni 27.6, kwa miaka 47 hivi. Sehemu ya madai yaliyojikusanya ilikwisha kutumika wakati wa vita kulipa deni la zamani la India kwa wakopeshaji wa London, na hilo lilikuwa faida ya kweli. Lakini kilichobaki kilifungwa. Agosti 1947 salio, lililokuwa pauni milioni 1,160 hivi, liliwekwa katika akaunti namba 2, ile iliyofungwa, na kiasi kidogo tu, pauni milioni 65, kikahamishiwa akaunti namba 1 ya kutumika. Mwaka 1948 sehemu nyingine ikakatwa kununua maghala na vifaa vilivyoachwa na jeshi la Uingereza, takriban pauni milioni 100, na nyingine kugharamia pensheni za maofisa Waingereza. Septemba 1949 pauni ikashushwa thamani kutoka dola 4.03 hadi 2.80, na deni likapungua kwa asilimia 30.5 kwa kipimo cha dola, bila mtu kulipa hata senti. Kwa hiyo kusema "Uingereza ililipa" ni sawa, ila uongeze: ililipa kwa ahadi, ikaichelewesha, na ahadi yenyewe ikanywea.

Usiwaache wanafunzi wadhani makoloni yote yalifuata njia ya India. Makoloni ya walowezi yalipigiwa hesabu nyingine. Mwaka 1862 bunge la London liliazimia kwamba yale yanayojitawala ndani yabebe wajibu mkuu wa usalama wao. Mwaka 1863 makoloni ya Australia yakaambiwa yalipe pauni 40 kwa askari wa miguu na pauni 70 kwa wa mizinga. New Zealand ilikopa pauni milioni 3 kwa vita dhidi ya Wamaori, ikatunga sheria mwaka huo huo wa kutwaa ardhi yao ili ardhi iyo hiyo ilipie vita, na kikosi cha mwisho cha Uingereza kikaondoka 1870. Singapore na jirani zake walitozwa asilimia ya mapato ya serikali, 17.5 kisha 20, na mara moja ugomvi ukahamia kwenye neno "mapato": mauzo ya ardhi yamo au hayamo? Ukitaka mjadala wa dakika 10, wape swali hilo.

Sasa Keya. Kikosi kiliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, Afrika Mashariki na Afrika ya Kati. Kila serikali ya koloni iliweka kifungu cha kikosi chake kwenye bajeti: baadaye kikosi cha 3 kwa Kenya, cha 4 kwa Uganda, cha 6 kwa Tanganyika. Pale mapato yalipopungua, Hazina ya London iliziba kwa ruzuku, na ruzuku ilikuja na jicho la Hazina juu ya kila matumizi. Kenya ilitoka kwenye ruzuku hiyo mwaka 1912. Vita vya 1939 vilipoanza, London ikachukua gharama za Keya. Mwaka 1957 jeshi likakabidhiwa kwa serikali za Afrika Mashariki, likawalemea, na mwaka 1960 likarudi London. Hali ya hatari ya Kenya kuanzia 1952, wakati wa Mau Mau, iligharimu takriban pauni milioni 55, na mzigo ukagawanywa kati ya Nairobi na London.

Ukipata kitabu cha makadirio cha mwaka wowote, usiishie kwenye kifungu cha jeshi upande wa matumizi. Geuza upande wa mapato, tafuta ruzuku na marejesho kutoka serikali ya kifalme, uyatoe. Kisha tafuta pensheni. Mara nyingi zimewekwa pamoja na za watumishi wa raia. Kosa linalowapata wengi ni kulinganisha makadirio ya mwaka mmoja na matumizi halisi ya mwingine. Lingine ni kusahau kwamba Kenya ilitumia rupia hadi 1920. Ukishapata tofauti, igawe kwa mapato yote ya serikali upate asilimia, kwa kuwa pauni peke yake haikuambii uzito wa mzigo.

Halafu kuna ambacho hakimo kitabuni kabisa: ardhi ya kambi iliyotolewa bure, kazi ya lazima, na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Wengi walikufa mishahara yao ikiwa haijachukuliwa, serikali za hapa zikaomba fedha hizo, London ikakataa. Hilo nalo ni mchango wa koloni, ingawa hakuna karani aliyeliandikia kifungu.

Kuhusu kitabu cha malipo cha babu mkubwa. Kilichoelezwa hapo juu ni madai kati ya serikali na serikali; hakikumpa askari mmoja mmoja haki yoyote. Dai la familia ni jambo lingine, na linategemea mwaka wa kuachishwa, kama kiinua mgongo kilichukuliwa, na kama kulikuwa na jeraha lililosajiliwa. Viwango vya malipo vilitofautiana kwa rangi, kwa hiyo kiasi kidogo kitabuni si ushahidi kwamba aliibiwa na karani. Huenda ndicho alichopangiwa. Siwezi kuamua hilo kwa mbali. Mwambie mwanafunzi asikilamineti kitabu wala kukibandika gundi. Apige picha kila ukurasa, hata ulio mtupu, na aandike namba ya askari, kwani kila karani aliandika majina kwa jinsi alivyoyasikia. Kisha familia ipeleke nakala, si kitabu chenyewe, kwenye ofisi ya nyaraka za taifa, na ikionekana kuna malipo yasiyofungwa, imwone wakili kabla ya kumlipa mtu yeyote anayeahidi "kufuatilia London".